Gereji inavuja, aliyeijenga ni shemeji yangu, na mtoto analala humo humo

SWALI

Shikamoo dada mshauri. Naomba usitaje jina langu wala mtaa, sema tu niko Dar. Naandika nikiwa nimechoka kichwa kabisa, kwa hiyo kama maelezo yatakua marefu nivumilie.

Mi ni mama wa watoto wawili. Nyumba yetu ni ya hizi za kisasa ambazo bati linafichwa nyuma ya ukuta, alafu pembeni tuliongeza gereji ya gari mbili. Hiyo gereji haina bati kabisa, juu ni slabu ya zege flat, imezungushiwa ukuta mfupi ili ifanane na nyumba, na juu ya slabu tumeweka tenki la maji la lita 2,000. Aliyeijenga ni mdogo wake mume wangu, ni fundi ujenzi, kijana mzuri ana heshima zake, alisimamia mwanzo mwisho. Wakati ule hela zilikua zinaishia ishia hivo mume wangu akasema slabu ikishamwagwa tusimame kwanza, mambo ya juu tutamalizia mbele ya safari, tukahamia.

Gari tunalo moja tu, kwa hiyo nusu ya gereji tuliikata kwa mbao tukaifanya chumba. Humo analala mpwa wa mume wangu, mtoto wa marehemu dada yao, yuko form three, na pembeni ndo naweka mzigo wangu wa vitenge na mashuka maana nauza.

Sasa masika ya mwaka jana ikaanza alama ya maji kwenye dari, duara kama la chai. Tukapiga rangi. Ikarudi. Masika hii ndo imekua balaa, kuna mstari mweusi wa ukungu kuanzia kona ya juu unashuka na ukuta, nyuma ya kabati la mzigo ukuta wote umekua kama umepakwa masizi, vitenge vya bando la chini vimeota madoa meupe na vinanuka uvundo nimevitoa kwa hasara. Kuna sehemu zege limevimba na kipande kikadondoka, ukiangalia unaona nondo ina kutu. Na huyu kijana anakohoa usiku, nikimuuliza anasema anti mi mzima tu, lakini najua anaogopa tukisema chumba hakifai atarudishwa kijijini kwa bibi yake.

Nilipomwambia mume wangu kwamba slabu ina shida akakasirika sana. Akasema ukishasema paa bovu umesema mdogo wangu aliiba saruji, na mama akisikia ataumwa presha. Yeye anataka tuweke jipsam chini ili pawe pasafi na tupige rangi nzuri basi. Shemeji mwenyewe aliposikia juu juu akasema ni jasho tu la zege, nyumba zote za Dar zina unyevu, tuongeze tabaka la zege juu litaisha. Kuna fundi mwingine wa mtaani alipita akaniambia kwa siri mama hii ibomolewe, zege lilikua jepesi.

Nina hela yangu ya kikoba, zamu yangu imefika, nilipanga kununua cherehani mbili. Mume anasafiri kikazi mwezi ujao. Nawaza nimwite huyu fundi wa nje arekebishe kimya kimya kwa hela yangu, mume akirudi akute imeshakua. Au ninyamaze nikubali jipsam kwa ajili ya amani. Nikinyamaza naona namuumiza mtoto wa watu, nikisema naonekana nimekuja kuvunja undugu wao. Nisaidie dada.

Mama wa Gereji, Dar

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Hauko peke yako, kila masika ikikaribia napata barua za nyumba zinazovuja na karibu zote ndani yake kuna ndugu, sema yako imebeba vitu vingi kwa mpigo: paa, ndoa, undugu, mzigo wa biashara, na kijana anayekohoa halafu anaficha. Nikikusoma naona vyote umevifunga kwenye fundo moja, kwamba ili paa lipone lazima kwanza ijulikane shemeji aliharibu, na ikijulikana hivo undugu unavunjika, kwa hiyo ni ama mtoto ama amani. Naomba tulifungue hilo fundo taratibu maana sina hakika kama limefungwa kwa uzi mmoja.

Nianze na kijana, yeye hangojei mafundi wapatane. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na ukungu ndani ya nyumba, na likaeleza wazi kwamba watu wanaoishi kwenye vyumba vya namna hiyo wana hatari kubwa zaidi ya kupata shida za kifua na pumu. Kwa hiyo wasiwasi wako una msingi kabisa. Lakini pia usimalize kwa kusema ni ukungu tu. Kikohozi kikifika wiki 2 kinatakiwa kipimwe pamoja na TB, na hospitali za serikali vipimo na dawa za TB ni bure. Mpeleke, na unapompeleka mwambie kwa mdomo wako kwamba kuhama chumba sio kurudishwa kijijini, hata kama ni godoro sebuleni au kulala na wadogo zake kwa muda. Nadhani hiyo sentensi anaisubiri kuliko dawa. Na hapa huhitaji kibali cha mtu kumtaja fundi, unasema tu mtoto anakohoa namtoa kwenye chumba chenye maji. Pia zege likishaanza kudondoka vipande, kitanda hakitakiwi kua chini yake, hilo hata bila ukungu.

Sasa paa. Umepewa sababu mbili na watu wawili, mmoja anasema jasho mwingine anasema zege lilikua jepesi, yaani kama saruji ilipunguzwa, na wewe moyoni naona umeegemea ya pili. Nikuulize kwa upole, kuna mtu amepanda juu na kuangalia? Maana kwenye barua yote sijaona aliyepanda ngazi. Na kuna mstari mmoja umeuandika haraka ukapita, kwamba mumeo alisema slabu ikishamwagwa tusimame, mambo ya juu tutamalizia mbele ya safari. Mdogo wangu, hayo mambo ya juu ndo paa lenyewe. Zege tupu halizuii maji, hata likiwa na saruji ya kutosha, lina vitundu na vinyufa vidogo ambavyo maji yakikaa juu siku mbili tatu yanapita. Slabu inayoitwa flat haitakiwi kua flat kweli, inatakiwa iwe na slopu, angalau sentimita 1.25 kwa kila mita mpaka kwenye tundu la kutolea maji, na wajenzi makini wanapanga 2.5 kwa sababu wakati wa kumwaga huwa inapungua. Juu ya slopu ndo linakuja tabaka la kuzuia maji, lipande na kwenye ule ukuta mfupi kama sentimita 15. Kama hivyo vyote viliachwa kwa ajili ya hela, basi paa halijaharibika, halikuwahi kumalizwa. Hiyo ni hadithi tofauti kabisa na ya wizi wa saruji. Na inawezekana, nasema inawezekana tu, ukali wa mumeo unatoka hapo, labda anaposikia slabu mbovu anakumbuka nani alisema tusimame.

Kuna na mengine. Tenki. Lita 2,000 zikijaa ni tani 2 zimekaa juu ya slabu siku zote, na boya linalofunga maji tenki likijaa likichoka, maji yanamwagika usiku mtu asijue, yanatuama pale pale. Angalia kama alama inalowa hata wiki ambayo mvua haijanyesha, kama ndio basi anza kulitazama tenki na mabomba yake. Angalia tundu la maji kama lina majani. Alafu jaribu kukumbuka zege lilimwagiliwa maji siku ngapi, inatakiwa lisiachwe likauke kwa angalau siku 7, na Dar maji yakikatika wiki ile ile ya kumwaga, jua linalipasua na fundi hakuiba kitu.

Na shemeji nae tusimtupe na jasho lake, kwa sababu nusu yake inaweza kua kweli. Duara la kahawia na mstari unaoanzia kona moja, hayo mara nyingi ni maji ya kutoka juu. Lakini ule weusi uliotanda nyuma ya kabati unaweza kua unyevu wa ndani, gereji imefungwa, gari linaingia limelowa, mtu analala anapumua humo, mzigo umebanwa na ukuta hewa haipiti. Kuna kipimo cha bure: chukua nailoni kama nusu mita kwa nusu mita, ibandike kwenye ukuta au dari ambapo ni pakavu kwa kushika, ziba kingo zote kwa gundi, acha siku nzima. Ukikuta matone upande wa chumbani ni hewa ya ndani, ukikuta nyuma ya nailoni ni unyevu unatoka kwenye zege. Kwako sitashangaa ukikuta pande zote mbili.

Unaona nilipokua naelekea. Ukienda na swali la maji yanapitia wapi, unaweza kumuuliza mtu yeyote hata shemeji, na hasa shemeji, yeye ndo anajua nondo zilikaaje na slabu ina unene gani. Ukienda na swali la nani alikosea, kila mtu atasimama mlangoni kwake na rungu.

Kuhusu haya mapendekezo matatu uliyopewa. Jipsam chini namuelewa mumeo, anataka pakae pasafi macho yatulie. Ila bodi ya jipsam ina karatasi, na karatasi yenye unyevu ni chakula cha ukungu, maji yatakua yanajikusanya juu yake msiyaone, mpaka siku moja linashuka lote na blandaring zake, zile mbao zinazolishikilia. Tena mtapoteza uwezo wa kuona nondo inaendeleaje. Hiyo nondo ndo inayonitia wasiwasi kuliko hata ukungu. Chuma kikila kutu kinavimba mara kadhaa ya ukubwa wake, kinalisukuma zege lidondoke, likidondoka hewa na maji yanaingia zaidi, na kwa mji wa pwani kama Dar chumvi inaongeza kasi. Jipsam inaweza kuja baadae kabisa, paa likishakauka, hilo unaweza hata kumpa mumeo kama sehemu ya mpango na sio kumkatalia.

La shemeji, kuongeza tabaka la zege juu, lina akili ndani yake kama ni la kuweka slopu. Shida ni uzito. Tabaka la sentimita 5 linafika kama kilo 120 kwa kila mita ya mraba, gereji ya mita 6 kwa 6 hapo umeongeza zaidi ya tani 4 juu ya slabu ambayo tayari nondo zake zinaonekana na ina tenki. Mtu asithubutu kabla haijakaguliwa. Na kwa sababu hiyo hiyo usikubali fundi azibe tundu ajaze maji juu kupima kama inavuja, ni kipimo kizuri kwa slabu nzima ila kwa yako sentimita 5 za maji tu ni karibu tani 2, bora amwagilie kwa mpira sehemu moja moja na mwingine awe ndani anaangalia, huku akisimama pembeni sio chini yake.

Huyu wa mtaani aliyesema ibomolewe, hatujui. Anaweza kua sahihi. Lakini kasema zege jepesi kwa kutazama tu, na kasema kwa siri kwa mama mwenye hela, nisamehe lakini hapo ningesita. Kati ya kubomoa na jipsam kuna njia zingine: kuhamisha tenki, kuchimbua sehemu zilizovimba, kusafisha nondo na kuziba upya, alafu kuweka mbao na bati jepesi lenye slopu likafichwa nyuma ya ule ule ukuta mfupi. Hiyo haiongezi mzigo sana, ila pale bati linapokutana na ukuta wa nyumba pasipozibwa vizuri mtakua mmehamisha tatizo tu. Au tabaka la lami la kubandikwa kwa moto, linahitaji fundi aliyezoea na slabu iliyokauka kweli. Hizi rangi za kuzuia maji ni rahisi kwa bei lakini penye dimbwi hazidumu, jua linazimaliza. Zote zinataka kiangazi, Juni mpaka Septemba ndo dirisha lenu kabla ya vuli. Hiyo inakupa muda, huhitaji kuamua leo usiku.

Mtu ningependa aje kabla ya fundi yeyote ni injinia aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Aje siku moja aangalie slabu na nondo, aseme inabeba au haibebi. Atakugharimu kitu lakini sio cherehani mbili, na faida yake nyingine ni kwamba sio ndugu wa mtu. Anachokisema hakijatoka mdomoni kwa mke wala kwa mama mkwe.

Sasa lile la kimya kimya. Sikuhukumu hata kidogo, najua linatoka wapi, umesema ukakatazwa na mtoto anakohoa usiku unamsikia. Ila jaribu kuona siku mumeo anarudi: kuna mafundi wamepanda juu ya kazi ya mdogo wake, hela zimetumika hajui kiasi gani, na mtaa mzima umeshajua. Hata kama paa limepona, itakayozungumzwa sio paa. Na kama huyo fundi akikosea, utabeba peke yako. Upande wa pili nao una hatari zake, ukinyamaza kwa ajili ya amani, hiyo amani utakua unaishi nayo wewe, mwenzio haijui bei yake, na kinyongo nacho huwa kinakua taratibu. Kwa hiyo sikwambii nyamaza wala sikwambii fanya kwa siri, nakuomba uangalie kama kuna mlango wa tatu kabla mwezi ujao haujafika.

Mfano mmoja wa mlango, wewe ndo unajua kama unafunguka kwenu. Huyu kijana ana wajomba wawili, mumeo na shemeji. Kwa wote wawili huyu ni mtoto wa dada yao. Itakuaje ukiwaita wote, wakati mmoja, sio kwa habari ya zege bali kwa habari ya kifua cha mpwa wao, na karatasi ya hospitali mkononi? Alafu useme, shemeji nakuomba unisaidie, wewe ndo unaijua hii slabu kuliko sote, tupande tuone maji yanapitia wapi tuyamalizie yale tuliyoacha. Neno tuliyoacha lina nafasi ya kila mtu, na ni kweli. Inaweza kukataliwa, shemeji anaweza kuona ni mtego, mumeo anaweza kusema umemvizia. Kama unahisi hivo anza na mumeo peke yake, akiwa ametulia, au mtafute kaka mkubwa au baba mdogo ambae wote wanamsikiliza. Mama mkwe nae, nani kasema lazima ataumwa presha? Ni bibi wa huyo mtoto. Huenda ndo atakua upande wako kwanza.

Hela ya kikoba ni yako na jasho lako, na cherehani ni mpango halali. Ukiamua kuchangia, ichangie kwa sauti, useme natoa kiasi hiki, ili isije kua imepotea ndani ya ukuta bila mtu kuikumbuka. Ukiamua kutochangia pia sio ubinafsi.

Kwa wiki hii wakati mnatafutana, toa mzigo wako uache nafasi ya kiganja kutoka ukutani, fungua mlango wa gereji mchana kukiwa na jua, usianike nguo humo. Ukungu ulioko kwenye ukuta usuguliwe kwa maji na sabuni, mtu amevaa barakoa na glovu, asiwe kijana wala mwenye pumu, na pakaushwe vizuri, ila sehemu zege linapodondoka pasiguswe mpaka injinia apaone. Ukitumia jiki usichanganye na siki wala dawa nyingine ya kusafishia, inatoa hewa ya sumu. Godoro kama limeshaota madoa usiligange, litupe. Na tafadhali mtu asiwashe jiko la mkaa ndani ya gereji iliyofungwa eti likaushe ukuta, moshi wake usioonekana unaua watu wamelala.

Niandikie tena. Nataka kujua vipimo vya kijana vimesemaje, na maji yametuama upande gani wa slabu, upande wa tenki au upande wa tundu.